"Vimelea havijaonekana" si sawa na "huna vimelea": uzi wa kusoma majibu ya malaria, amiba na ndugu zao

Hadubini Kuukuu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila wiki humu mtu anapiga picha karatasi yake ya majibu, anaitupia jukwaani, na kabla jua halijazama ameshapewa dawa tano na watu ambao hawajawahi kushika slaidi. Mimi nimekaa kwenye hadubini miaka mingi kiasi kwamba jicho langu la kulia limezoea kufanya kazi peke yake. Leo niruhusuni niseme kuhusu protozoa: malaria, amiba, giardia, tokso, kala-azar, malale. Wote ni viumbe wa seli moja, na wote ni mafundi wa kujificha.

Nina jambo moja tu. Karatasi ya majibu ina mistari ya aina mbili. Upo mstari unaomtaja mdudu mwenyewe au mabaki yake: slaidi, kipimo cha haraka, kipimo cha choo. Na upo mstari unaoeleza mwili umeumia kiasi gani: hemoglobini, chembe sahani (zile za kugandisha damu), sukari, laktati, kreatinini. Wengi wanasoma aina ya kwanza tu, ikisema hapana wanakunja karatasi. Wengine wanashikilia ya pili, wakiona namba imeshuka wanataja ugonjwa wa kwanza unaowajia kichwani. Ukisoma mmoja ukaacha mwingine, utadanganyika.

Kisa. Niliwahi kuletewa damu ya kijana mmoja mara tatu ndani ya siku mbili. Homa, jasho, macho yameanza kuwa manjano. Slaidi ya kwanza sikuona kitu. Ya pili vilevile. Niliandika "vimelea havijaonekana", na karatasi ilipofika wodini ikasomwa "hana malaria". Ya tatu nikaacha kuwinda kwenye chembe nyekundu, nikageukia nyeupe. Ndani ya monosaiti mbili tatu nikakuta vumbi la kahawia iliyokolea, linametameta ukichezea skrubu ya kulengea. Hiyo ndiyo hemozoini. Mdudu wa malaria anakula hemoglobini, ile sehemu yenye chuma inamshinda, anaifunga kuwa fuwele na kuitelekeza, halafu chembe nyeupe zinakuja kufagia. Nikapiga simu wodini: muulizeni alimeza nini kabla ya kuja. Kumbe alikuwa amemeza vidonge vya malaria vya kupewa na rafiki, tena nusu dozi. Vimelea vya kwenye damu ya kidole vilishapukutika, ila wafagiaji walikuwa bado kazini.

Slaidi mbili za kwanza sikukosea kuziandika. Kosa langu ni kwamba sikuuliza chochote.

Maswali ruksa. Dozi sitoi humu.

Kijiti

Nimeweka kambi, mkuu. Shusha vitu.

Mama Pacha

Asante kaka kwa uzi. Mwanangu alipata malaria, akamaliza dawa zote, akapona kabisa, akarudi kucheza. Sasa ni siku ya 16, homa imerudi usiku. Nimempima kwa kile kipimo cha haraka cha kutoboa kidole, mistari miwili imetokea tena. Nimpe tena dawa zilezile? Au zile za kwanza zilikuwa feki?

Hadubini Kuukuu

Dada Mama Pacha, pole. Usimpe chochote kwa sababu ya mistari hiyo miwili peke yake.

Vipimo vingi vya haraka vinatafuta protini iitwayo HRP2, ambayo mdudu wa falsiparamu, aina ya malaria iliyo hatari zaidi, anaimwaga kwenye damu. Mdudu akifa, protini haimfuati kaburini. Inaweza kubaki ikizunguka wiki kadhaa, hata zaidi ya mwezi, na kipimo kitaendelea kuchora mstari wa pili. Kwa hiyo siku ya 16 mistari miwili inasema mtoto alikuwa na malaria, jambo ambalo tayari unalijua. Haisemi kama anayo leo. Vipo vipimo vinavyotafuta kimeng'enya kiitwacho pLDH, ambacho hupotea mapema zaidi mdudu akishakufa, ila huenda cha kwako si cha aina hiyo.

Anachohitaji ni slaidi. Mpeleke akapimwe kwa hadubini leo, si kesho kutwa, kwa sababu uwezekano wa ugonjwa kurudi pia upo. Na mwambie mtu wa maabara kwamba alimaliza dawa lini. Akikuandikia kwamba ameona gametosaiti peke yake, zile zenye umbo la hilali, usishtuke. Hizo ni hatua ya mdudu inayosubiri kubebwa na mbu, zinaweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya tiba, na hazileti homa. Homa yenyewe itakuwa na sababu nyingine, itafutwe.

Mbishi Daima

Kwa hiyo hivi vipimo vya haraka ni bure kabisa? Tumeuziwa mbuzi kwenye gunia?

Hadubini Kuukuu

Sijasema hivyo, Mbishi. Kwa mtu mwenye homa mpya ambaye hajatibiwa karibuni, kipimo cha haraka kinaokoa maisha pale ambapo hakuna hadubini, au ipo lakini anayeitumia amechoka. Nasema tu kila kipimo kina mahali kinapojikwaa. Hiki kinajikwaa mara tatu. Ya kwanza nimemweleza Mama Pacha. Ya pili, kuna falsiparamu ambao wamepoteza jeni ya kutengeneza HRP2. Waligunduliwa Peru, taarifa ikatoka mwaka 2010, na baadaye wakaonekana Eritrea na kwingineko. Kipimo kinasema hapana huku slaidi imejaa. Ya tatu inachekesha: vimelea vikizidi mno, antijeni inakuwa nyingi kuliko kingamwili zilizopakwa kwenye kile kiukanda, na mstari unafifia au unakosekana kabisa. Mgonjwa mahututi, kipimo kimenyamaza.

Kijiti

Mkuu, na zile plasi? Mimi niliwahi kuambiwa nina malaria plasi nne, jirani yangu plasi moja. Cha ajabu jirani ndiye aliyelazwa, mimi nilikunywa dawa nikaenda kazini.

Hadubini Kuukuu

Swali zuri kuliko unavyodhani.

Plasi ni hesabu ya haraka kwenye tone nene. Plasi moja ni vimelea 1 hadi 10 katika maeneo 100 ya kuangalia. Mbili ni 11 hadi 100 katika maeneo hayohayo 100. Tatu ni 1 hadi 10 katika kila eneo moja. Nne ni zaidi ya 10 kwa eneo moja. Unaona tatizo? Plasi nne inaanzia kwenye vimelea 11 kwa eneo na haina mwisho. Wa 15 na wa 300 wote wanaitwa plasi nne.

Hesabu ya maana inafanyika hivi. Mkono mmoja una kihesabio cha kubonyeza kwa ajili ya chembe nyeupe, mwingine una cha vimelea. Unatembea kwenye slaidi, tik, tik, mpaka chembe nyeupe zifike 200. Tuseme njiani umekutana na vimelea 150. Unagawanya kwa 200, unazidisha kwa 8,000, unapata 6,000 kwa mikrolita. Ile 8,000 imetoka wapi? Ni makadirio ya chembe nyeupe za mtu. Sasa mgonjwa akiwa na chembe nyeupe 3,000 tu, vimelea vyake kwa kweli ni 2,250. Umemzidishia karibu mara tatu kwa sababu ya makadirio. Ndiyo maana nikipewa majibu ya damu kamili ya siku ileile natumia namba yake mwenyewe.

Kuhusu jirani yako. Falsiparamu akikomaa anaifanya chembe nyekundu iote vinundu vya kunata, inaganda kwenye kuta za mishipa midogo ya ubongo, utumbo, figo, na kondo la nyuma kwa mjamzito. Haipiti kwenye kidole. Tunachoona kwenye slaidi ni watoto wadogo wa mdudu, zile pete changa. Kwa hiyo plasi moja kidoleni inaweza kuwa jeshi zima ubongoni. Mtaalamu mwenye macho haangalii wingi tu, anaangalia na umri: vimelea vikubwa vilivyokomaa vikizidi 20 kwa 100 ya vyote unavyoviona, hiyo ni habari mbaya hata kama jumla ni ndogo. Vilevile nyutrofili (aina nyingine ya chembe nyeupe) zenye vumbi la hemozoini zikizidi 5 kwa 100, mkimbizeni mgonjwa.

Dokta wa Zamu

Mzee Hadubini, shikamoo. Nasoma kimyakimya tangu asubuhi, naomba niingie kwa upande wa wodini, maana nyie wa maabara mkiachiwa mtatuambia kila kitu kiko kwenye slaidi 😄

Kwanza nikusahihishe kidogo. Mtu asielewe kwamba slaidi ikiwa hasi anarudi nyumbani. Homa ikiendelea na mashaka yapo, slaidi irudiwe kila baada ya saa 12 hadi 24, mpaka zifike tatu. Na kama mgonjwa amezimia au anatapika mfululizo, hatusubiri ya tatu.

Sasa, ile mistari ya aina ya pili. Tukishajua ni falsiparamu, hizi ndizo namba ninazozikimbilia kwenye karatasi:

Sukari chini ya 2.2 milimoli kwa lita. Hii inaua kimyakimya, hasa watoto na wajawazito, na kwinini inaishusha zaidi kwa kuamsha insulini. Mgonjwa "aliyelala fofofo" anaweza kuwa na sukari tu iliyoisha.

Laktati 5 au zaidi. Maana yake tishu zinakosa hewa kwa sababu mishipa midogo imezibwa, kama alivyoeleza mzee. Pale ambapo laktati haipimwi, tazama kifua: mtu anapumua kwa kina na haraka kama ametoka kukimbia, na mapafu ukiyasikiliza ni safi. Hiyo ni asidi kwenye damu.

Kreatinini juu ya 265 mikromoli kwa lita. Figo.

Hemoglobini chini ya 7 kwa mtu mzima, 5 kushuka chini kwa mtoto wa chini ya miaka 12, gramu kwa desilita.

Na vimelea kwenye zaidi ya asilimia 10 ya chembe nyekundu. Ukichukua chembe nyekundu milioni 5 kwa mikrolita, hiyo ni vimelea 500,000.

Moja kati ya hizo, pamoja na vimelea kwenye damu, inatosha kuiita malaria kali. Dalili nazo zinahesabika hata bila maabara: kupoteza fahamu, degedege zaidi ya mara mbili ndani ya saa 24, kushindwa kukaa mwenyewe. Hapo ni artesunate ya sindano. Vidonge vinasubiri.

Mbishi Daima

Dokta mbona hukutaja chembe sahani? Mimi zilishuka mpaka 60,000, kila mtu akasema dengi, dengi. Kumbe slaidi ilikuwa na malaria.

Dokta wa Zamu

Sikuzitaja makusudi, kaka. Chembe sahani kushuka ni jambo la kawaida mno kwenye malaria, ya falsiparamu na ya vivaksi pia. Ni dokezo zuri: mtu ana homa, chembe sahani ziko chini ya 150,000, slaidi bado haijasomwa, mimi nainua nyusi. Ila ni dokezo tu. Dengi inafanya hivyohivyo, na maambukizi mazito ya bakteria pia. Namba hiyo peke yake haichagui kati yao.

Kwenye malaria kutokwa damu kwa sababu hiyo ni nadra, na dawa ikishaanza zinapanda zenyewe ndani ya siku chache. Nimeona watu wakiongezewa chembe sahani bila sababu, namba tu imewatisha.

Mtego mwingine wa namna hiyo ni CRP na prokalsitonini, protini za damu zinazopanda mwili ukipambana na maambukizi. Tumezoea kuzitumia kusema "hii ni bakteria". Malaria kali inazipandisha zote mbili. Usizitumie kumnyima mtu slaidi.

Hadubini Kuukuu

Marahaba dokta. Nimekubali masahihisho.

Niongeze moja ambalo linasahaulika. Aliyechomwa artesunate asipotee akishatoka hospitali. Kuanzia wiki ya kwanza hadi ya nne hemoglobini inaweza kuporomoka ghafla. Dawa inamuua mdudu ndani ya chembe, bandama inamchomoa maiti huyo na kuirudisha chembe kwenye damu, lakini chembe iliyofanyiwa upasuaji wa aina hiyo haiishi siku nyingi. Zinakufa kwa pamoja. Mgonjwa anarudi amepauka, mkojo mweusi, kila mtu anadhani malaria imerudi. Slaidi hasi. Pimeni hemoglobini siku ya 7, ya 14 na ya 28.

Kijiti

Bandama inachomoa mdudu na kuirudisha chembe?? Mwili huu jamani.

Tumbo Moto

Wakuu tuhamie tumboni sasa. Miezi miwili tumbo linaniunguruma. Nilipima choo nikaambiwa "sisti za amiba". Nilipima damu, eosinofili zimepanda, asilimia 14. Nikaambiwa amiba imekuwa sugu ndiyo maana eosinofili ziko juu. Nimekunywa metronidazole mara nne! Mdomo una ladha ya sarafu.

Hadubini Kuukuu

Ndugu yangu Tumbo Moto, hapo kuna mambo mawili na yote yamekwenda kombo.

La kwanza, eosinofili. Hizi ni chembe nyeupe zenye punje nyekundu zinazowaka ukizipaka rangi, nzuri kuliko zote kwenye slaidi kwa maoni yangu. Kazi yao kubwa ni minyoo na mizio. Protozoa kwa kawaida hawazipandishi. Malaria hapana, amiba hapana, giardia hapana. Wanaojulikana kuivunja kanuni hii wanahesabika: Cystoisospora, Dientamoeba, na Sarcocystis wa kwenye misuli. Kwa hiyo 14 yako inatafuta mnyoo: kichocho, strongiloidi, safura, au mzio, au dawa unayotumia. Strongiloidi hasa asisahaulike, maana kipimo cha choo cha kawaida kinamkosa mara nyingi, na akikutana na mtu anayepewa steroidi anaweza kumwua. Waambie wakutafutie huyo kabla ya dozi ya tano ya metronidazole.

La pili, sisti. Kuna Entamoeba histolytica anayetoboa utumbo, na kuna Entamoeba dispar anayekaa humo kwa amani zake. Sisti zao kwenye hadubini ni pacha, hata mimi siwatofautishi na sioni aibu kusema. Émile Brumpt alisema ni viumbe wawili tangu mwaka 1925, wenzake wakamcheka. Ilibidi ingojewe kemia na vinasaba, na mwaka 1993 ndipo walipotenganishwa rasmi. Karatasi nyingi bado zinaandika "amiba" kana kwamba mwaka huo haujafika. Kuwatofautisha kunahitaji kipimo cha antijeni mahususi au cha vinasaba.

Kwenye slaidi kuna kitu kimoja tu kinachonifanya niite histolytica: nikimkuta akiwa hai, anatambaa, na tumboni mwake amemeza chembe nyekundu za damu.

Sentrifuji

Mkuu, hata hapo weka akiba. Mimi pia ni mtu wa benchi. Dispar naye amewahi kukutwa na chembe nyekundu tumboni, mara chache. Inatia nguvu sana, haithibitishi.

Hadubini Kuukuu

Kweli. Nimeandika kwa ushabiki. "Inanifanya nishuku kwa nguvu", tuiache hivyo.

Dokta wa Zamu

Na mimi nitupie jipu la ini, maana hapo ndipo "choo ni safi" inapoumiza watu.

Picha yake: mtu mzima, mara nyingi mwanaume, homa na maumivu chini ya mbavu za kulia, ukimgonga pale anaruka. Hana kuhara, na hakumbuki kama aliwahi. Choo kinapimwa, hakuna amiba, na wengi wao ndivyo inavyokuwa. Chembe nyeupe ziko juu, nyingi ni nyutrofili, eosinofili kimya. Alkalini fosfatesi (kimeng'enya cha ini) imepanda, bilirubini (ile rangi ya umanjano) mara nyingi ya kawaida. Ultrasaundi inaonyesha shimo kwenye ini, mara nyingi upande wa kulia. Kinachosaidia ni kingamwili za damu: zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 wanazo. Ila ukimpima siku za mwanzo kabisa zinaweza kuwa bado hazijatokea, rudia baada ya wiki. Na kwa mtu aliyekulia kwenye amiba, kingamwili zinaweza kuwa za miaka iliyopita.

Ukivuta usaha ni wa kahawia, mzito, hauna harufu. Ukiupeleka kwa mzee Hadubini atakuambia haoni amiba. Ni kweli, amiba wako kwenye ukuta wa jipu wanaendelea kula. Katikati ni ini lililokufa.

Na baada ya metronidazole apewe dawa ya pili ya kusafisha sisti za utumbo, paromomycin au diloxanide. Hii inasahauliwa kila siku.

Hadubini Kuukuu

Tumbo Moto, kabla hujaondoka: giardia naye. Kunguruma, gesi yenye harufu ya yai bovu, choo kinachoelea chenye mafuta, uzito unapungua, hakuna damu, hakuna homa. Huyu anatoa sisti zake kwa msimu, leo zipo kesho hakuna, kwa hiyo choo cha siku moja hakitoshi. Sampuli tatu za siku tofauti, au kipimo cha antijeni. Antonie van Leeuwenhoek alimwona kwenye choo chake mwenyewe akiharisha mwaka 1681. Sampuli moja tu, lakini lenzi yake ilikuwa yake na muda alikuwa nao.

Tena hata mdudu akishatoka, utumbo unaweza kuchukua wiki kadhaa kabla haujaweza kumeng'enya maziwa. Gesi inabaki, mtu anadhani dawa imeshindwa.

Na kuna kriptosporidiamu, ambaye mwaka 1993 aliwaharisha watu wanaokadiriwa 403,000 mjini Milwaukee, Marekani, kupitia maji ya bomba. Yeye ana mikrometa 4 hadi 6 na anahitaji rangi maalumu, jamaa ya ile ya kifua kikuu. Ukiandika "pima choo" tu, pengine hakuna atakayemtafuta. Kama mgonjwa ana VVU na CD4 ziko chini na kuhara hakuishi, andikeni jina lake kwenye fomu.

Mtarajiwa

Samahanini kwa kuingilia. Nina ujauzito wa wiki 11. Kwenye vipimo vya kliniki nimeambiwa tokso: IgG chanya, IgM chanya. Nesi alinitazama kwa huruma, tangu jana silali. Nimesoma mtandaoni mtoto anaweza kupata maji kichwani.

Dokta wa Zamu

Dada yangu, pole, na kwanza pumua.

IgG na IgM ni aina mbili za kingamwili. IgG chanya inasema ulishakutana na toksoplazma, mdudu wa tokso. IgM chanya watu wanaitafsiri "umeambukizwa juzi". Lakini IgM ya tokso ni mgeni asiyejua kuaga. Inaweza kubaki mwaka mzima na zaidi baada ya maambukizi, na vipimo vyake vina uchanya wa uongo si haba. Hatari kwa mtoto iko hasa pale mama anapopata maambukizi mapya akiwa tayari mjamzito.

Kipimo cha kuomba kinaitwa aviditi ya IgG, yaani kingamwili zinamshika mdudu kwa nguvu kiasi gani. Kingamwili changa zinashika kilegevu, zilizokomaa zinabana. Ukiwa wiki ya 11 na aviditi ikatoka ya juu, maambukizi yalitokea miezi minne hivi iliyopita au zaidi, yaani kabla ya mimba. Umewahi kupima mapema, na hiyo ni bahati. Ikitoka ya chini haithibitishi kwamba ni ya karibuni, kwa sababu kwa baadhi ya watu inachelewa kupanda. Hapo vipimo vinarudiwa kwenye maabara ya rufaa, na dawa ya kumkinga mtoto ipo. Usikubali uamuzi wowote mkubwa juu ya mimba kwa karatasi ya IgM peke yake.

Mtarajiwa

Asante sana dokta. Hakuna aliyenitajia hiyo aviditi. Nakwenda kuuliza kesho asubuhi.

Mbishi Daima

Mzee, uliahidi kala-azar na malale. Au umechoka?

Hadubini Kuukuu

Nimechoka, lakini deni ni deni.

Kala-azar: homa ya wiki na wiki, mtu amekonda, bandama imeshuka mpaka kitovuni. Kwenye damu kila kitu kimepungua, nyekundu, nyeupe, sahani. Kwenye protini za damu, albumini chini, globulini juu sana. Mchoro huo ukiuona pamoja na bandama kubwa, na mtu ametoka eneo lenye ugonjwa, pima rK39, kipimo cha haraka cha kingamwili za kala-azar. Kipimo hiki kina ugonjwa uleule wa HRP2: kinabaki chanya miezi, hata miaka, baada ya kupona. Aliyewahi kutibiwa akirudi na homa hakimsaidii, anahitaji sampuli ya bandama au uboho akatafutwe mdudu mwenyewe. Na mwenye VVU anaweza kuwa na kala-azar ya kutosha huku kingamwili hazionekani.

Malale ya gambiense, ile aina ya Afrika Magharibi na Kati: tezi za nyuma ya shingo, ambazo Thomas Winterbottom aliziandika mwaka 1803, kuwashwa, usingizi kugeuka, mchana analala usiku yuko macho. IgM kwenye damu inapaa. Kinachoamua hatua ni maji ya uti wa mgongo: zaidi ya chembe nyeupe 5 kwa mikrolita, au mdudu mwenyewe akionekana humo, tayari ameingia ubongoni. Uzuri ni kwamba tangu vidonge vya fexinidazole vipatikane, wagonjwa wengi wasio na dalili nzito za ubongo hawalazimiki tena kuchomwa mgongo kabla ya tiba. Niliwahi kuhesabu chembe za maji hayo kwenye kioo cha kuhesabia chembe usiku taa zikizimika kila dakika kumi. Sitamani.

Mama Pacha

Kaka Hadubini, nimerudi kutoa mrejesho. Nilimpeleka jana ileile. Slaidi: vimelea havijaonekana, wameangalia maeneo 200, hata hilali haikuwepo. Nikawaambia tarehe aliyomaliza dawa kama ulivyosema. Hemoglobini 10.8, sukari sawa, chembe sahani 310,000. Daktari akamtazama masikioni, la kushoto limejaa usaha. Amepewa dawa ya sikio, usiku huu amelala bila homa.

Kile kipimo changu cha mistari miwili nimekitupa.

Hadubini Kuukuu

Alhamdulillahi. Sahani 310,000 nayo ilikuwa inakwambia kitu kilekile, ila usingeweza kuiamini bila slaidi pembeni yake.

Karatasi ya slaidi usiitupe. Andika nyuma yake tarehe aliyomaliza dawa. Akipata homa tena mwezi huu, mpe yeyote atakayemwona aisome kwanza.